Kibodi ya gemu, herufi A, na muuzaji aliyeniambia "umechapa sana"

Mama mmoja wa makamo alirudi dukani kwangu jua likiwa la utosi, kanga imelowa jasho, karatasi mkononi. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mwanangu, wamenirudisha." Alikuwa ametoka Mahakama ya Mwanzo. Siku chache kabla nilikuwa nimemchapia muhtasari wa kikao cha ukoo, ule unaotakiwa kwenye mirathi ili msimamizi ateuliwe. Marehemu mume wake aliitwa Juma. Kwenye karatasi yangu anaitwa Jumaa. Cheti cha kifo kinasema Juma, muhtasari unasema Jumaa, na karani atajuaje kwamba ni mtu mmoja? Mistari kadhaa chini yake, "Kata" imegeuka "Kataa". Na palipotakiwa "kabla ya kufa kwake" pamesomeka "kabla ya kufaa kwake".

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nachapa kwa ajili ya watu miaka mingi sasa, na sikumbuki kumpeleka mtu mahakamani na aibu ya namna ile.

Nina steshenari ndogo Sinza, Dar es Salaam. Mchana nachapa mikataba ya kupangisha, barua za maombi ya kazi, CV, mihtasari ya vikao. Usiku nikishafunga mlango nacheza Counter-Strike 2, gemu la kurushiana risasi. Kibodi kwangu si pambo la mezani, ni jembe, na ndiyo maana nilikubali kutoa laki moja na ishirini kwa kibodi ya mekanika wakati ile ya kawaida inapatikana kwa elfu kumi na tano.

Sitaitaja jina. Lililonichoma zaidi ni duka kuliko jina, na duka nalo silitaji. Lipo Kariakoo, ghorofani, inatosha.

Kabla ya hiyo nilikuwa na zile za mpira ndani, unabonyeza kama unakandamiza ugali. Kila baada ya miezi kadhaa natupa moja. Mtu aliyechapa Kiswahili muda mrefu akiiangalia kibodi yake kuukuu atajua ninachosema: A imefutika kabisa, imebaki nyeupe, I inafuata, kisha N, K na U, wakati Q na X zinang'aa kama zimetoka kiwandani jana. Lugha yetu inakula herufi zilezile chache. Kwenye hii mpya herufi hazikupakwa rangi juu, zimeumbwa ndani ya plastiki yenyewe, kwa hiyo hazifutiki. Hilo peke yake lilinifanya niipende kabla sijaichomeka.

Na nilipoichomeka, jamani. Kila kitufe kina swichi yake, ndani yake kuna springi, na za kwangu ni za bluu, zile zinazolia "tiki" kila unapobonyeza. Vidole vinajua herufi imeingia bila macho kuangalia. Wiki ya kwanza nilichapa mkataba wa kurasa kumi na moja bila kunyanyua kichwa, na mkono haukuuma. Mteja aliyekuwa kwenye benchi akaniuliza kama ile ni mashine ya zamani ya taipu, nikamwambia inafanana nayo kwa sauti, lakini kidole hakichoki. Nilikuwa nafika dukani mapema ili nianze kuchapa. Sijawahi kufika kazini mapema kwa sababu ya kifaa.

Usiku palikuwa na tofauti nyingine. Kwenye kibodi ya mpira ukishika W na A pamoja na Shift halafu ukaongeza kitufe kingine, kuna kimoja kinanyamaza. Hii haikunyamazisha chochote. Lakini mcheza gemu asikubali kuuziwa bluu kwa kuambiwa ndiyo ya gemu. Swichi ya bluu ukiibonyeza inashika mahali fulani, na ili ihesabu tena lazima irudi juu zaidi ya pale iliposhikia, kwa hiyo ukitaka kugonga kitufe kimoja harakaharaka kidole kinahisi kinacheleweshwa. Nyekundu hazina hiyo "tiki", zinateleza moja kwa moja, na wacheza gemu wengi wanazipenda kwa sababu hiyo. Kahawia ziko katikati. Yote haya nilijifunza mwenyewe baadaye. Muuzaji alichojua kuhusu rangi ni kwamba taa zake zinabadilika.

Ilipita kama miezi mitano. Kisha usiku mmoja kwenye gemu mguu ukaanza kusita.

Wanaocheza Counter-Strike wanajua: ukikimbia kulia umeshika D, ukitaka risasi iende unapolenga lazima usimame kabisa, na njia ya kusimama ghafla ni kuiachia D na kugusa A, ya kushoto, mara moja. Mara moja tu. Mimi nikigusa mara moja, mtu wangu anatikisika kama kasukumwa mara mbili, risasi inaenda ukutani, nakufa. Nikalaumu intaneti. Sisi wa Dar tunaunganishwa na seva za Johannesburg au Dubai, ucheleweshaji tumeshauzoea, kwa hiyo lawama ilikuwa na pa kukaa. Nikabadilisha bando. Nikahamisha ruta. Nilikufa vilevile, na siku zote nikikimbia kulia.

Sikuunganisha mambo mpaka yule mama aliposimama mlangoni. Juma, Jumaa. Kata, Kataa. Kufa, kufaa. Kilichoniumiza ni kwamba yote ni maneno halali. Ingekuwa "mtuu" au "mezaa" jicho lingekwama. Jumaa ni jina la watu, kataa ni neno, kufaa ni neno, nami nilisoma nikapita. Na kwenye kompyuta yangu maneno ya Kiswahili yalikuwa yanapigiwa mstari mwekundu kama makosa, nilishaizima hiyo mistari zamani.

Nilimchapia upya palepale, nikasoma herufi kwa herufi na kidole juu ya kioo, sikumchukulia hela, nikampa na nauli. Akaniombea dua. Ningependelea anitukane.

Alipoondoka nikafungua Notepad nikabonyeza A mara mia moja, polepole, nikihesabu kwa sauti. Zikatokea herufi mia moja na kumi na tatu. Nikafanya hivyo kwa S: mia moja. Kwa D: mia moja. Ugonjwa ulikuwa kwenye A peke yake, herufi ninayoihitaji kuliko zote mchana na kitufe ninachokihitaji kuliko vingi usiku.

Ndani ya swichi kuna vipande viwili vidogo vya chuma vinavyogusana unapobonyeza. Vikigusana havitulii papo hapo, vinadundadunda kwa muda mfupi sana, na kibodi imepangiwa isubiri milisekunde chache kabla ya kuamini kwamba umebonyeza. Chuma kikishika vumbi au kutu kidogo, au kikiwa cha ovyo tangu kiwandani, kile kidundo kinarefuka kupita muda wa kusubiri, na kibodi inaamini umebonyeza mara mbili. Joto na unyevu wa Dar pengine vina mchango. Pengine. Lakini S iko jirani yake, inapumua hewa ileile.

Nikaibeba mpaka Kariakoo.

Siku ya kununua yule kijana alikuwa ananiita bosi wangu. "Bosi wangu, hii haifi, kila kitufe kinabonyezwa milioni hamsini." Alinivutia kiti. Aliniletea maji. Siku ya kurudisha nilisalimia, akaendelea kutazama simu. Nikaeleza, nikamwonyesha na boksi, nikamwambia mlisema waranti ni mwaka mmoja. Akaigeuza kibodi chini juu, akaipuliza kwa mdomo, halafu akasema maneno ambayo bado nayasikia nikilala: "Oya, hii ni ya gemu, wewe umeifanyia kazi za ofisi. Umechapa sana." Akanyoosha kidole kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi. Nikauliza risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ambayo siku ile aliniambia mtandao unasumbua nitatumiwa. Akamuita mteja mwingine. "Karibu bosi wangu."

Umechapa sana! Kibodi! Ni kama kumuuzia mtu jembe na kumlaumu kwamba amelima.

Na tuhesabu basi, maana nilihesabu ndani ya daladala nikirudi. Tufanye nabonyeza vitufe elfu ishirini kwa siku, na tufanye kila herufi ya nne ni A, yaani nazidisha makusudi ili nimpe haki yake. Hiyo ni mara elfu tano kwa siku. Kwa siku mia moja na hamsini, laki saba na nusu. Ongeza gemu, piga mara mbili ukitaka, ni milioni moja na nusu. Aliniahidi milioni hamsini. Hiyo ni asilimia tatu tu. Nani kachapa sana hapo?

Usiku ule nilikuwa nimeshaamua niandike neno moja tu, msinunue, niishie hapo. Na kama ningeandika siku ile, hivyo ndivyo mngesoma. Tuna Tume ya Ushindani, FCC, iliyoundwa chini ya Sheria ya Ushindani ya 2003 na kazi yake mojawapo ni kumlinda mlaji, na nilishafikiria kwenda. Bila risiti niliona nitaenda kubishana mikono mitupu. Hilo kosa ni langu: dai risiti hata kama mtandao unasumbua mpaka jioni, kaa palepale.

Kilichobadilisha habari ni fundi wa simu mwenye kibanda karibu na stendi. Nilimpelekea bila matumaini. Swichi za kibodi yangu hazichomoki kwa mkono, zimeshikizwa kwa solda, risasi ya kuchomelea, kwenye bodi, na hili ndilo ningependa mtu aniambie kabla sijatoa hela: zipo kibodi ambazo swichi ikifa unaichomoa na kuchomeka nyingine nyumbani, na tofauti ya bei haikutishi ukishapitia niliyoyapitia. Swichi zenyewe zinafanana maumbo. Asili yake ni kampuni ya Cherry ya Ujerumani na swichi zake za MX za miaka ya 1980, na hataza zilipoisha muda viwanda vya China vikaingia kwa nguvu, ndiyo unasikia Gateron, Kailh, Outemu. Kwa hiyo swichi moja ya akiba si kitu cha ajabu duniani. Tatizo ni kuipata Dar jioni ya siku ya kazi.

Fundi akaiangalia kimya, kisha akauliza, "Kaka, kitufe gani hukitumii?" Sikumwelewa. Akaeleza: tunahamisha. Akapendekeza Q, kwamba Kiswahili hakina Q wala X. Nikamwambia kweli, ila Q kwenye gemu inarudisha silaha niliyokuwa nayo, na bila X siwezi kumwandika Alex wala Felix, na wao ni wateja wangu. Tukaangalia safu ya juu kulia. Scroll Lock! Miezi yote ile sikuwahi kuigusa. Akayeyusha solda kwenye miguu miwili ya swichi ya A, akaitoa, akaitoa na ile ya Scroll Lock, akazibadilishana. Dakika kama ishirini, elfu saba. Nilibonyeza mara mia moja kwenye laptop yake naye akihesabu pamoja nami. Mia moja. Tukarudia. Mia moja.

Tangu siku hiyo A yangu inalia tofauti kidogo na jirani zake, sauti kavu zaidi, kwa kuwa swichi yake ilikuwa haijawahi kutumika. Naisikia katikati ya sentensi na inanifurahisha kila mara. Kwenye gemu nasimama ninapotaka kusimama. Kelele usiku bado ni tatizo, mpangaji wa chumba cha pili amegonga ukuta mara mbili na ana haki, nyumba ya kupanga si mahali pa swichi za bluu.

Sasa nikiulizwa ni kibodi nzuri? Ni nzuri. Ni kibodi bora kuliko zote nilizowahi kugusa, na naisema hivyo nikiwa bado na hasira. Au niseme ni nzuri mikononi mwa mtu aliye karibu na fundi mwenye akili. Kwa anayechapa mara mojamoja na kucheza zaidi, atafute nyekundu zinazochomoka na aachane na hii. Kwa mchapaji wa kila siku kama mimi, sijui cha kuweka mahali pake. Nimejaribu kurudi kwenye ya mpira kwa siku moja, nikahisi nachapa nimevaa glovu.

Yule mama alipita juzi barabarani. Hakuingia, alinipungia mkono na bahasha ya kaki kwapani.

Nataka ya pili kwa ajili ya meza ya msaidizi wangu, na nimezunguka Kariakoo nzima: inayofanana na hii iko kwa yule kijana tu. Mimi mguu wangu hauingii pale tena. Nimempa hela mdogo wangu aende yeye, adai risiti kwanza, na asitoe noti mfukoni mpaka aichomeke kwenye laptop na kubonyeza A mara mia moja mbele ya yule kijana, akihesabu kwa sauti.