Garmin inReach Mini 2 kwa anayetaka kuwinda peke yake Maine

Hapa Maine, jimbo la Marekani, ni marufuku kuwinda Jumapili. Shemeji yangu, ambaye ndiye mwenzangu wa porini, yuko ghalani kazini kila Jumamosi kutwa nzima, na mimi mapumziko yangu huangukia katikati ya wiki. Msimu wa kulungu kwa bunduki ni Novemba. Mkingoja zamu zenu zikutane, mwezi unakwisha na friza haina kitu. Kwa hiyo ilinibidi niamue: niende peke yangu, au mwaka huo tusahau nyama ya porini?

Sisi tuliokulia Nyarugusu, kambi ya wakimbizi Tanzania, tumezoea kwamba msituni watu hawaendi mmoja mmoja. Hata kuni zilifuatwa kwa kundi. Mke wangu naye amekulia hukohuko, na swali lake lilikuwa la moja kwa moja: “Baba Neema, ukivunjika mguu kule, mimi nitajuaje? Nikimpigia askari, nitamwambia uko upande gani?” Sikuwa na jibu. Simu yangu inashika mtandao barabarani, lakini ukishaingia kwenye misonobari bondeni hakuna kitu. Na jambo hili si la kufikirika. Mwaka 2013 mama mmoja aliyekuwa akitembea Appalachian, njia ndefu ya miguu ya msituni, humu Maine alitoka kidogo nje ya njia, akapotea. Aliandika ujumbe kwenye simu kuomba msaada, na ujumbe haukutoka kwa kukosa mtandao. Mwili wake ulipatikana Oktoba 2015. Alikuwa ameishi wiki kadhaa akisubiri.

Ndipo nikanunua inReach Mini 2, kifaa kidogo cha kutuma ujumbe na kuita msaada kwa setilaiti. Kilipotoka mwaka 2022 bei yake ilikuwa dola 400 hivi. Kina uzito wa gramu 100, kinaenea kiganjani, hakiogopi mvua, na hakitegemei minara ya simu kabisa: kinazungumza na setilaiti za Iridium, ambazo zinafunika dunia nzima. Juu ya bei hiyo kuna ada ya kila mwezi. Bila kulipia ada, hata kitufe cha dharura hakifanyi kazi, kwa hiyo ipigie hesabu kabla hujanunua.

Kinachonifaa zaidi ni vitu viwili. Kwanza, kinaacha alama ya mahali ulipo kila baada ya muda fulani, na mtu wa nyumbani akifungua ramani kwenye simu yake anaiona njia uliyopita. Pili, ni ujumbe wa pande zote mbili. Unaandika hadi herufi 160, na Kiswahili chetu kwa kuwa hakina alama za ajabu juu ya herufi hupata nafasi yote. Kuna jumbe fupi unazoziandaa mapema ukiwa nyumbani. Wa kwanza wangu unasema “Nimefika, naingia porini.” Wa pili: “Niko salama, nimechelewa tu.” Wa tatu: “Natoka, wekeni chai.” Nabonyeza, naendelea na shughuli.

Huo wa pili ulionyesha thamani yake siku nilipompiga kulungu dume jua likikaribia kuzama. Katikati ya Novemba hapa jua linatua kabla ya saa kumi na nusu jioni, na baridi inashuka mara moja. Kutoa matumbo ukiwa peke yako, taa kichwani, kisha kumburuta mnyama aliyekuzidi uzito kupita magogo na maji, ni kazi ya saa nyingi. Zamani mke wangu angekuwa dirishani hana la kufanya. Safari hii aliona ile alama ikisogea polepole kuelekea barabarani, akanitumia ujumbe: “Naona unasogea. Usikimbilie, pumzika.” Niliusoma nimekaa juu ya gogo, nikapumzika kweli. Nilimfikisha mnyama kituo cha kusajili kulungu waliowindwa kesho yake asubuhi, ndani ya zile saa 18 ambazo sheria inatoa.

Kile kitufe cha dharura, SOS, kiko ubavuni, chini ya kifuniko, hivyo si rahisi kubonyezwa na tawi. Sijakibonyeza, namshukuru Mungu. Ukikibonyeza, taarifa huenda kwenye kituo cha Garmin kinachokaa macho usiku na mchana, nao huwasiliana na waokoaji wa eneo ulilopo. Kwetu wanaotafuta watu waliopotea msituni ni askari wa wanyamapori, Maine Warden Service. Wale wa kituoni wanaweza kukuuliza umeumia wapi, na unawajibu.

Sasa, udhaifu. Kifaa hakina kibodi, kwa hiyo kuandika kwa vile vitufe vyake ni kusumbua vidole. Ukiunganisha na simu kwa Bluetooth inakuwa rahisi, lakini hapo unategemea chaji ya simu, na baridi hula chaji. Pia setilaiti inataka kuona mbingu. Chini ya misonobari iliyosongamana au kwenye korongo, ujumbe unaweza kuchukua muda kutoka, kwa hiyo usikitie mfukoni ndani ya koti. Mimi nakining'iniza begani, juu ya ile fulana ya rangi ya chungwa wanayovaa wawindaji ili waonekane.

Wenye iPhone 14 na kuendelea wataniuliza kwa nini walipie kitu kingine, kwa kuwa simu yao inaweza kuita msaada kwa setilaiti. Kwa matembezi ya karibu inatosha. Lakini simu hiyo lazima uishike uielekeze angani wewe mwenyewe. Mtu aliyeanguka akapoteza fahamu hawezi. Hiki kinaendelea kuacha alama hata kama umelala chini, na nyumbani wakiona alama haijasogea tangu mchana, wanajua pa kuanzia. Vipo pia vifaa vya dharura visivyo na ada ya mwezi, vinavyotuma ishara ya kuomba uokoaji tu. Ni vizuri kwa kuokolewa, ila haviwezi kusema “nimechelewa tu”, na kwa familia yangu hilo ndilo neno linalotumika mara nyingi.

Lakini kifaa hakikufungi jeraha, na hakikuburutii nyama. Msaada ukiitwa unaweza kuchukua saa nyingi kufika, kwenye baridi ya usiku. Ndiyo maana mimi na mke wangu tulikaa tukakubaliana kabla sijaenda. Nikiwa peke yangu sipandi kiti cha mtini, kwa sababu kuanguka kutoka huko huumiza wawindaji wengi. Nakaa chini, mgongo kwenye shina. Siendi mbali kuliko ninapoweza kumburuta kulungu mwenyewe. Nabeba kibiriti, blanketi la dharura, kamba ya kufungia damu. Na mashamba makubwa ya miti ya kaskazini, ambako unaendesha gari mchana mzima bila kuona nyumba, hayo ni ya kwenda na shemeji tu, kifaa kiwepo kisiwepo.

Mke wangu ana haki ya kusema “leo usiende”, na akisema siendi. Hakuinunua amani yake kwa dola 400. Aliipata kwa kuwa sasa naye ana neno katika safari yenyewe.

Kama unakwenda na wenzako kila mara, kwenye shamba la mtu lenye mtandao, hela yako itumie kwa viatu vizuri. Kama ratiba ya kazi imekutenga na wenzako kama mimi, nunua Septemba, si usiku wa kuamkia msimu. Kitie chaji, kipeleke uwanjani nyuma ya nyumba, mtumie wa nyumbani ujumbe, mwonyeshe kufungua ramani, na hakikisha anajua namba ya kupiga ile alama ikisimama.