Jaws (1975): Muvi ya Papa Ambayo Papa Mwenyewe Haonekani

Haya wadau, karibuni tena. Leo siendi mbali, naanza moja kwa moja, kwa sababu kuna jambo linanikereketa tangu niweke ile video ya trela mpya. Nilishuka kwenye komenti, na karibu zote zinaimba wimbo mmoja: grafiksi mbovu, bajeti ndogo, hakuna mlipuko wa maana. Jamani! Hakuna aliyeuliza huyu stelingi ni nani, anataka nini, akishindwa anapoteza nini. Siku hizi muvi inapimwa kwa wingi wa moshi.

Basi leo nimekuja na Jaws ya Steven Spielberg. Hadithi mnaijua: kisiwa cha watalii, msimu wa joto, papa anakula watu, mkuu wa polisi anaingia baharini na mvuvi mmoja na mtaalamu mmoja kumsaka. Waigizaji sitawataja wote, mtawakuta kwenye majina ya mwisho. Nitavujisha mambo mawili matatu, ila mwisho wake siugusi, kwa hiyo kaa hapo hapo.

Kitu ambacho lazima mkijue ni hiki. Papa wa mle ndani alikuwa mashine. Walitengenezwa watatu, wakabandikwa jina la Bruce, ambalo ni jina la wakili wa Spielberg. Sasa Spielberg hakutaka kushuti kwenye bwawa la studio, alitaka bahari ya kweli, akaipeleka timu nzima kisiwa cha Martha's Vineyard kule Massachusetts, Marekani. Maji ya chumvi yakawamaliza. Mashine inaharibika leo, inatengenezwa, kesho imeharibika tena. Kazi iliyopangwa siku 55 ikachukua siku 159. Bajeti iliyoanza kama dola milioni 4 ikafika kama milioni 9. Na huyu mwongozaji alikuwa na miaka 27 tu.

Jiweke wewe pale. Una muvi ya papa, na papa amegoma. Unafanyaje?

Yeye akageuza kamera kwa watu. Anayevutwa majini unamwona, anayevuta humwoni. Baadaye mapipa ya manjano aliyofungiwa papa yanakimbia juu ya maji, na wewe unajua kabisa nani anayavuta. Halafu muziki wa John Williams, zile noti mbili zinazorudiarudia, ukizisikia tu miguu inataka kupanda juu ya kochi. Papa kutoa kichwa nje ya maji ukamwona sawasawa, ni baada ya kama saa moja na dakika ishirini. Muvi yenyewe ni saa mbili na dakika chache!

Sasa njooni kwenye kilichonifanya niwashe kamera leo. Ni kipande cha mezani. Kipande chenyewe siwezi kukiweka hapa, chaneli itapigwa onyo la hakimiliki, kwa hiyo nitawaigizia. Tazameni mikono yangu.

Kwanza mjue kimetokea nini kabla. Mkuu wa polisi, Brody, alitaka kufunga ufukwe. Meya akakataa, watalii watakimbia, biashara itakufa. Brody akakubali kunyamaza. Mtoto mdogo, Alex Kintner, akaliwa mchana kweupe watu wakiangalia. Siku chache baadaye mama yake anakuja amevaa nyeusi, anamsogelea Brody mbele ya watu, anamzaba kofi. Amekwishajua kwamba Brody alikuwa na habari za papa na ufukwe ukabaki wazi. Hapigi kelele. Anamwambia tu kwamba mwanangu amekufa, nilitaka ulijue hilo. Meya anajaribu kumpoza Brody, anamwambia yule mama amekosea. Brody anajibu: hapana, hajakosea.

Usiku huo Brody yuko nyumbani. Chakula kipo mbele yake, hakigusi. Haongei. Anakutanisha vidole hivi mbele ya mdomo, mnaona? Pembeni yake kakaa mwanawe mdogo, Sean. Na Sean naye anakutanisha vidole vivyo hivyo. Baba anafunika uso na viganja, mtoto anafunika uso na viganja. Baba hajui kama anaigwa. Mke wake amesimama nyuma, anawaona wote wawili, haingilii. Halafu Brody anashtuka, anamwona mtoto. Anajaribu: anakunja vidole kama kucha, anakunja uso, anamtisha. Mtoto naye anamtisha. Hapo baba anamwinamia, anamwomba busu. Mtoto anauliza, kwa nini? Anamjibu: kwa sababu nalihitaji.

Basi. Haifiki hata dakika mbili. Hakuna papa, hakuna maji, hakuna hata mtu anayeinua sauti. Na mimi nawaambia, bila kile kipande muvi hii inakufa. Kwa sababu Brody anaogopa maji, tumeshaambiwa hilo mapema, na mtu anayeogopa maji anakwenda kupanda boti ya yule mvuvi, Quint, chombo chenyewe kimechoka. Kila ubao unapolia chini ya miguu yake, wewe hufikirii samaki. Unamfikiria yule mtoto mezani, na baba anayebeba kofi la mama mwingine. Mwongeze papa ukubwa mara kumi, hofu yangu haiongezeki hata chembe.

Na tuseme ukweli, sisi watu wa pwani papa tunamla. Papa mkavu wa nazi, na wali, na ndimu pembeni, nani hajui? Samaki wa kitoweo anatutetemesha vipi kwenye kioo? Anatutetemesha kwa sababu ya aliyesimama mbele yake.

Hapa nawageukia vijana wetu wanaoshuti Temeke, wanaoshuti Kisauni, wanaoniandikia kila siku kwamba tukipata droni, tukipata lenzi fulani, tutatoboa. Angalieni kipande kile kimetumia nini. Meza, taa, baba, mama, mtoto. Vyote mnavyo. Ambacho lazima mkae mkitafute ni lile kofi la mchana na lile jibu la usiku, kwamba mtu mzima anamwambia mtoto wake nakuhitaji. Hiyo ni kazi ya mwandishi, na mwandishi kwenye seti zetu nyingi ndiye anayelipwa mwisho, kama analipwa. Inaniuma sana hii. Hela inaisha kwenye gari la kukodi la kuonyesha utajiri, mazungumzo yanatungwa pale pale kamera ikiwa inasubiri.

Haya, sasa washindani wa Jaws. The Meg ya mwaka 2018, yupo Jason Statham, papa mkubwa kama jengo, bajeti zaidi ya dola milioni 100. Nimeiangalia, inachangamsha, sitawadanganya. Ila sasa hivi, bila kufungua simu, nitajie jina la mhusika wake. Si Statham, namtaka mhusika. Unaona? Ukiniuliza mimi Brody, Hooper yule mtaalamu, Quint, nakutajia wote watatu, na nakuambia kila mmoja anaogopa nini. Kuna usiku wanalewa ndani ya chombo, Quint na Hooper wanashindana kuonyeshana makovu. Brody ananyanyua shati kidogo, anaangalia kovu lake la tumboni, kisha analishusha kimya kimya. Hasemi neno, kamera haimng'ang'anii. Pale umeshamjua. Halafu Quint anaanza kusimulia meli ya USS Indianapolis, iliyozamishwa mwaka 1945, jinsi mabaharia walivyoelea siku kadhaa katikati ya papa. Mtu amekaa, anaongea tu. Nilikuwa na juisi mkononi, sikuinywa.

Hata muendelezo wa Jaws wenyewe ni ushahidi. Ya tatu, 1983, walimleta papa kwa teknolojia ya 3D akutokee usoni. Ya nne ikaja 1987. Spielberg hayumo, wale watu watatu pamoja hawamo, na mimi sitazirudia tena hata kama bando ni la bure.

Ila msinielewe vibaya, sisemi tuache madoido. Napenda madoido! Jurassic Park ya 1993, ya Spielberg huyo huyo, madainosa wanaonekana kama dakika 15 tu kwenye muvi ya saa mbili na zaidi, na kila wanapotokea nafsi inaruka. Kwa nini? Kwa sababu kabla ya yule mkubwa kufika kwenye gari la watoto, tumeona maji kwenye glasi yanatikisika, na tumeona sura ya mtoto anayeyatazama. Kwa hiyo labda niseme hivi: tuleteeni dude lenu, ila tuleteeni kwanza mtu atakayeliona.

Mambo ya chaneli, haraka haraka. Wiki ijayo tunachambua Supa Modo, ya Likarion Wainaina wa Kenya, 2018. Binti mgonjwa anayeamini ana nguvu za ajabu, na kijiji kizima kinaingia kwenye hiyo imani yake. Huko nitakaa muda mrefu, ndiyo maana leo sijaigusa. Kama hujasabskraibu, bonyeza, na kengele pia.

Na yule mdau aliyeuliza kama aongeze hela anunue TV ya inchi 65 ndipo aiangalie Jaws: ndugu yangu, usinunue. Iangalie kwenye hiyo simu uliyonayo. Hela ukitaka kuitumia, tafuta spika za masikio nzuri, kwa ajili ya zile noti mbili, na kwa ajili ya Quint, maana anaongea chini chini. Ukifika kwenye kipande cha mezani, usisogeze mbele. Kisha rudi hapa uniandikie ulikuwa unamtazama nani, baba, mtoto, au yule mama aliyesimama nyuma. Nazisoma komenti zote mwenyewe usiku huu.