Noah au Hiace: gari la kulala kutoka Dodoma hadi Pangani, ukiwa peke yako

Swali la kwanza ni kitanda. Hiace ndefu ina karibu mita tatu nyuma ya viti vya mbele: plaiwudi ya milimita 12, upana sentimita 70, inakaa upande mmoja, na upande wa pili unabaki njia na jiko. Kwenye Noah ya zamani, hata ukitoa viti vyote vya nyuma, mtu mrefu atalala mshazari.

Hiace na Noah hiyo ya zamani, zote mbili injini iko chini ya viti vya mbele. Baada ya kupita Chalinze na Segera mchana kutwa, joto hilo linaendelea kupanda ndani hata gari likishazimwa, kwa hiyo kichwa kielekee mlango wa nyuma. Usiku wa Dodoma ni mkavu, unakudanganya. Pangani utatoka jasho mpaka shuka iloane. Fungua vioo vya pande mbili upepo upite, wavu wa mbu ushikwe kwa sumaku.

Kwenye mchanga Noah ina nafuu kwa wepesi wake. Hiace tupu nyuma huzungusha tairi na kujichimbia. Weka dumu mbili za maji za lita 20 juu ya ekseli ya nyuma, si mlangoni, maana uzito wa mlangoni hunyanyua pua na usukani unakuwa mwepesi. Punguza upepo wa tairi hadi psi 20. Jaza tena kabla ya lami.

Mafuta? Noah, bila ubishi. Ila kwa safari inayozidi wiki, chukua Hiace.