ScanCode Workbench: Mti wa Folda Umenifanya Niisamehe Mengine

Watazamaji wangu, asalaam aleikum, na karibuni tena hapa Ngamiani, Tanga. Leo tunaichambua ScanCode Workbench, programu ya kompyuta inayofungua matokeo ya kuskani msimbo (source code) ili mjue kila faili lina leseni gani na hakimiliki yake ni ya nani. Namna ya kuisakinisha katika Windows, Mac au Linux sitaieleza, maana hilo mnalijua.

Naanza na kinachoniudhi: programu hii yenyewe haiskani chochote. Kazi hiyo hufanywa na mwenzake, ScanCode Toolkit, ambayo huendeshwa kwa kuandika amri hii:

scancode -clpieu --json-pp matokeo.json mradi

Herufi hizo huagiza zitafutwe hakimiliki, leseni, vifurushi, taarifa za faili, barua pepe na anwani za tovuti. Kijana aliyezoea kubofya atakwama hapa kabla hajaliona dirisha lenyewe, na kitufe kimoja tu kingemwondolea udhia huo. Ukishalipata faili la JSON, yaani lile la matokeo ya kuskani, liingize katika Workbench kupitia menyu ya faili, nayo programu itakuuliza mahali pa kuhifadhi faili la SQLite, yaani hifadhidata ya matokeo hayo.

Sasa tazameni upande wa kushoto, kwenye mti wa folda, kwa sababu hapa ndipo nilipoipenda. Nimepakia mfumo wa mfano wa kuandikisha mizigo ya katani. Nikibofya folda ya juu kabisa, jedwali na chati zinaonyesha leseni za mradi mzima, mchanganyiko ambao haukuambii lolote la maana. Nikibofya folda ya maktaba, yaani msimbo ulioandikwa na watu wengine nami nautumia tu, yanabaki matokeo ya folda hiyo peke yake. Nikishuka hadi kwenye faili moja la jQuery ya zamani, maktaba ya JavaScript ya kurasa za tovuti, naona leseni mbili, MIT na GPL, kwa pamoja, na hapo msishtuke: hadi mwaka 2012 jQuery ilitolewa kwa leseni zote mbili, mtumiaji akichagua aitakayo. Unachagua MIT, unabakiza tangazo la hakimiliki, unaendelea na kazi. Faili la chini yake, lenye GPL tupu, ni jambo jingine kabisa, kwa kuwa ukimpa mteja programu uliyoichanganya nalo, ana haki ya kudai msimbo wa programu nzima kwa masharti ya GPL. Chati ya mradi mzima ingewaonyesha mstari mmoja ulioandikwa GPL. Mti ndio unaowaambia faili hilo limekaa wapi, na kama limo katika maktaba au katika majaribio yasiyomfikia mteja.

Lile faili la SQLite nalo msilidharau, kwani kesho mtalifungua moja kwa moja bila kuingiza JSON upya, na mradi ukiwa mkubwa nafuu yake mtaiona. Tena, kuskani kukiwa kando, mwenzako mwenye mashine yenye nguvu anaweza kuskani yeye akakutumia matokeo tu. Kitufe bado nakitaka, lakini hasira imepungua.

Mshindani wake ni FOSSology, inayoskani na pia kukuwezesha kurekodi uamuzi wako juu ya kila leseni. Kwa timu kubwa ningeichagua hiyo. Lakini hiyo huendeshwa kwenye seva, na kwa fundi mmoja mwenye kompyuta moja, kuhudumia seva ni mzigo. Wanaotafuta udhaifu wa kiusalama katika msimbo wao wanahitaji visomaji vya SARIF, muundo wa faili la kuandikia matokeo ya uchunguzi wa msimbo, ulioidhinishwa na shirika la viwango la OASIS mwaka 2020, na video yake inafuata katika chaneli hii.

Bei ni bure, na Workbench yenyewe imetolewa kwa leseni ya Apache 2.0. Bando linatumika wakati wa kupakua. Baada ya hapo matokeo yanafunguka bila intaneti, na msimbo wa mteja hautoki kwenye kompyuta yako.