Magari ya serikali mnadani: lipi ulipandie dau, lipi uliache

Gari la serikali linalopigwa mnada huliendeshi kabla ya kununua. Unalikuta uwanjani kwenye karakana au bohari, betri hakuna, tairi zimelala, na tangazo limeshasema wazi kwamba linauzwa kama lilivyo, mahali lilipo. Ndiyo maana hapa Tanzania mimi huyapanga magari haya kwa kipimo kimoja: lipi fundi wako anaweza kulisoma likiwa limezimwa, na likikwama wilayani spea zake zinapatikana? Viti vya ngozi haviingii kwenye hesabu hiyo.

Namba moja: Land Cruiser mkonga, lile lenye bomba la hewa lililopanda kando ya kioo cha mbele. Hapa sina mjadala. Toleo lililojaa kwenye halmashauri na hospitali linatumia injini ya 1HZ, dizeli ya silinda 6, lita 4.2, haina tabo, na pampu yake ni ya kimekanika. Hakuna kompyuta ya kukuficha ugonjwa. Nenda na fundi siku za ukaguzi zilizotajwa kwenye tangazo, mkiwa na tochi na spana. Afungue mfuniko wa oili na wa rejeta. Akikuta oili ina rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na hapo unahesabu gasketi, pengine silinda hedi nzima. Wakikuruhusu, azungushe injini kwa spana kwenye puli ya chini. Ikizunguka, una mahali pa kuanzia. Ikigoma, toa bei ya injini kwenye dau lako au uhamie gari jingine.

Kisha muangalie nati. Gari lililokaa miaka uwanjani lina vumbi kila mahali, kwa hiyo nati inayong'aa peke yake katikati ya vumbi inakwambia kuna kitu kilifunguliwa juzi. Fuatilia hapo hapo: stata ipo? Oltaneta ipo? Nozeli za kupuliza mafuta zipo zote 6? Magari mengi ya mnadani hayakufa kwa ubovu mkubwa. Yalilala kwa kasoro ndogo, halafu yakachomolewa vifaa kimoja kimoja kuokoa mengine. Mkanda wa taimingi uhesabu kuwa ni wa kubadilisha, hata ukiambiwa ulifungwa mpya.

Mkonga una wateja wengi, kwa hiyo bei inapanda haraka. Bado naona unastahili.

Namba mbili: Land Rover Defender, lile tulilozoea kuliona na polisi na jeshi. Uzalishaji wa Defender ya zamani ulikoma Januari 2016, lakini mafundi wake wapo na spea hazijaadimika. Tafuta yenye injini ya 300Tdi, lita 2.5, isiyo na mambo ya umeme. Bodi ni ya alumini, hivyo itaonekana nzima hata chini kukiwa kumekwisha kwa kutu. Lala chini uigonge chasisi kwa nyundo ndogo, hasa upande wa nyuma, na uongeze umakini kama gari limefanya kazi Tanga, Mtwara au popote penye chumvi ya bahari. Ikiwa ni yenye injini ya TD5, inayoongozwa na kompyuta, chomoa plagi ya kompyuta iliyo chini ya kiti cha mbele. Ukikuta oili humo, imepanda kupitia nyaya za nozeli, na gari hilo linataka fundi umeme mzuri.

Namba tatu: Hilux. Za zamani zenye injini ya 3L au 5L (hayo ni majina ya injini, si lita) zingeweza kugombea nafasi ya pili. Za D-4D, dizeli inayoongozwa na kompyuta, ni nzuri barabarani, ila ni kamari uwanjani, kwa sababu nozeli zake ni ghali na huwezi kuzipima gari likiwa limezimwa.

Pikipiki za maafisa ugani, kama Yamaha na Honda, ni ununuzi salama kwa mwenye mtaji mdogo. Nissan Patrol nunua yenye injini ya TD42. Ile ya ZD30, lita 3.0, ina historia ya kutoboa pistoni, na mimi nisingeigusa bila kuisikia ikiunguruma.

Ya mwisho: mashangingi. Land Cruiser VX V8 huanza kwa bei inayovutia ukilinganisha na ya mtaani, na hapo ndipo watu wanapoumia. Kila kitu ndani yake kinaongozwa na kompyuta, na nozeli zake peke yake zinaweza kumeza hela ya injini nzima ya mkonga. Kama huna karakana yako, liache liende.

Soma pia namba za usajili, maana zinaeleza maisha ya gari. ST ni la serikali kuu, SM la serikali za mitaa, SU la shirika la umma. DFP ni la mradi wa wafadhili. Mengi ya haya ya DFP yalitunzwa vizuri, lakini yaliingia kwa msamaha wa kodi, kwa hiyo uliza Mamlaka ya Mapato (TRA) mapema utadaiwa nini kabla hujanyoosha mkono.

Masharti ya kawaida ni kulipa papo hapo amana isiyopungua asilimia 25, na kumaliza salio ndani ya siku 14. Ukishindwa, gari linakwenda kwa mwingine na amana hairudi. Kwa hiyo andika dau lako la juu kabisa ukiwa bado nyumbani: chukua bei ya gari kama hilo likiwa zima mtaani, toa gharama ya injini, tairi 4, betri, kulivuta na usajili mpya. Siku ya kulipa, linganisha namba ya chasisi iliyogongwa kwenye chuma na iliyo kwenye karatasi, herufi kwa herufi. Zikitofautiana, dai zirekebishwe hapo hapo kabla gari halijatoka getini, kwa sababu usajili wa jina lako utakwama hapo.