TAHADHARI: mnaoenda Zanzibar likizo hii, mtu wa kitambulisho shingoni pale bandarini na ile "zafarani ya Kizimbani"

Jamani naandika hii nikiwa bado na uchungu maana waliolizwa ni mimi na mama yangu, na mama alikuwa anaenda Unguja kwa mara ya kwanza maishani.

Tumeshuka boti kutoka Dar, hatujatoka hata getini akatudaka kijana mmoja msafi, mpole, ana kitambulisho kimening'inia shingoni, anamwita mama "bibi yangu", akamshika begi akasema yeye ni mtembeza wageni wa serikali na kuzungushwa ni bure kwa Watanzania, sisi tukaingia mazima. Mtembeza wageni wa kweli ana kibali cha Kamisheni ya Utalii, mwambie akugeuzie uone picha na jina, wa kwetu kilikuwa kinatazama kifuani muda wote na mimi sikuuliza, hapo ndo kosa langu lilipo.

Akatupeleka Ngome Kongwe, kabla ya mlango akasema kiingilio elfu 10 kila mtu, nimpe yeye akalipe ndani, nikatoa elfu 20. Tunaingia nakuta watu wanapita tu, watoto wanacheza, hakuna dirisha la tiketi wala nini. Kuingia pale ni BURE wandugu! Beit al-Ajaib pembeni alitaka kutuchaji pia eti anamjua mlinzi atupitishe, wakati lile jumba upande mmoja uliporomoka Desemba 2020 na watu wakafa, siku hiyo lilikuwa limezungushiwa mabati, yaani mtu anataka kumpitisha mama wa miaka 68 chini ya kuta zile kwa ajili ya hela.

Sasa sokoni Darajani ndo penyewe. Mama alitaka zafarani ya pilau ya Idi, kijana akatupitisha maduka yote mpaka duka moja la ndani ndani, muuzaji akatoa kipakiti kidogo, nyekundu inawaka, akasema imetoka shambani kwao Kizimbani, elfu 35 "kwa sababu bibi ni Mswahili mwenzetu". Tukachukua viwili. Nimefika kwa dada akatia nyuzi tatu kwenye kikombe cha maji ya vuguvugu, hazijamaliza hata dakika maji mekundu kama juisi ya rozela na nyuzi zenyewe zimebaki nyeupe. Rangi ya kupaka! Zafarani ya kweli inatoa rangi taratibu, maji yanakuwa manjano ya dhahabu, uzi unabaki mwekundu na ncha yake moja imepanuka kama tarumbeta. Halafu zafarani hailimwi Unguja wala Pemba, nyingi inatoka Iran, na gramu 1 inataka maua kama 150 ndo maana ni ghali, kwahiyo mtu akikwambia ni ya shambani kwao we ondoka. Zanzibar nunueni karafuu, iliki, mdalasini, kungumanga, hivyo ni vyao kweli na ni vizuri sana, harufu tu unaijua.

Mama hakusema kitu, alikimwaga kile kikombe taratibu kwenye sinki akaenda kulala mapema. Hiyo ndo imeniuma kuliko hela.

Na sijasema ya usafiri. Dada anakaa Kiembesamaki, tukamwambia kijana tunataka daladala za 505 zinazoenda uwanja wa ndege, akasema leo hazipo, akaita teksi ya mwenzie elfu 25. Tuko njiani zinatupita moja baada ya nyingine, na nauli yake haifiki hata elfu moja. Ukitaka daladala muulize muuza duka yeyote au mama wa vitumbua, watu wa kule wana roho nzuri mno, watakupeleka mpaka stendi. Sio Wazanzibari wenye shida, ni hao papasi, yaani vijana wanaowaganda wageni kutafuta hela, na wenyeji wanawachukia kuliko sisi.

Kurudi tiketi ya boti nunua mwenyewe dirishani na kitambulisho chako, jina liandikwe lako, kuna mtu alinifuata tena anataka kunikatia "haraka haraka".

Nina kipakiti cha pili hakijafunguliwa, mwenye ndugu anayesafiri wiki hii aje inbox nimtumie picha yake aijue kabla hajavuka.