Ekseli tatu kwenye Fuso moja: ya mtumba, ya kusukwa na ya spea mpya

Fuso yangu, lori la mizigo, ni ya mwaka 1996. Inashusha mbao kutoka Mafinga kwenda Dar es Salaam, na ikirudi inapandisha saruji au mabati. Ndani ya miaka minne nimeifunga ekseli ya mtumba, yaani mhimili wa tairi za nyuma, nikaifunga difu iliyosukwa, yaani kile kiini cha meno katikati ya ekseli kinachozungusha tairi, na mwisho nikanunua spea mpya nikasimamia kazi mwenyewe gereji siku mbili mpaka boliti ya mwisho. Naandika kwa wenye magari ya umri huo, kwa sababu nilipokuwa natafuta mtu wa kunieleza niliwapata wauza spea tu, na kila mmoja alisifia kile alichokuwa nacho dukani.

Hausingi ya asili, yaani ganda la chuma la ekseli, ilipata ufa chini ya kitako cha springi. Mbao mbichi ni nzito kuliko zilizokauka, na mwenye mzigo hatakwambia zimepasuliwa lini. Mizani inaruhusu tani 10 kwa ekseli moja yenye tairi nne, lakini kati ya shamba na mizani kuna barabara ya vumbi yenye mashimo, na ni huko hausingi inakoumia. Tukachomelea. Ufa ukarudi pembeni ya weldi. Nikashuka Dar, mitaa ya Gerezani, nikanunua ekseli nzima ya mtumba kutoka Japani pamoja na habu (vitovu vya tairi) na dramu zake za breki, shilingi milioni 3.4. Ilikuwa kavu, haina dalili ya oili kuvuja, imepakwa rangi nyeusi inang'aa. Siku hizi nikiona rangi mpya naomba kwanza kitambaa na dizeli niifute, maana rangi inaficha weldi. Siku ile sikufuta, na bahati nzuri hausingi ilikuwa nzima. Nilichokosea ni meno.

Difu yetu ya asili ilikuwa na krauni, gia kubwa, ya meno 37 na pinioni, gia ndogo inayoisukuma, ya meno 6, yaani propela shafti inayotoka kwenye gia boksi inazunguka mara 6.17 ndipo tairi lizunguke mara moja. Ile ya Gerezani ilikuwa 39 kwa 7, sawa na 5.57. Kwa nje huwezi kujua. Boliti zilikaa, flenji (kisahani cha kuungia propela shafti) ilikaa, mabomba ya breki yalifika. Safari ya kwanza ya kurudi, dereva alinipigia akiwa Mikumi, amefurahi: gari inakimbia na injini imetulia. Simu ya pili ilitoka Kitonga, mlima mkali kabla ya Iringa. Alikuwa na saruji, yuko gia ya kwanza, temperecha inapanda na nyuma yake kuna foleni ya malori. "Mama, gari imekuwa nzito, haina nguvu kabisa." Injini ilikuwa ile ile. Sisi ndio tuliomnyang'anya nguvu ya mlimani tukampa mwendo wa tambarare. Nilivumilia miezi saba na klachi mbili.

Kwa hiyo ukienda kununua ya mtumba, usitoke dukani kabla hujahesabu. Kama difu haijafunguliwa, chora alama ya chaki kwenye flenji ya pinioni na kwenye habu, kisha mzungushe habu zote mbili kwa pamoja kuelekea mbele mzunguko mmoja kamili, mtu mmoja kwenye habu hii na mwingine kwenye ile, na wa tatu ahesabu mizunguko ya flenji. Itakuja sita na kidogo, au tano na nusu, au namba nyingine. Ni kazi ya dakika tano. Muuzaji akikataa kukuruhusu, ondoka. Na kwa wenye tandamu, yaani ekseli mbili za nyuma zinazosukuma, hili ni kubwa zaidi: difu mbili zenye hesabu tofauti zitavutana kila mita ya barabara mpaka moja iungue.

Mara ya pili nilichagua ya kusukwa. Kiwandani kazi hiyo ni ya heshima: difu inafumuliwa yote, kila kipande kinapimwa, kilichopungua kinatupwa, na unapewa waranti. Nilichouziwa mimi kilikuwa na jina hilo hilo. Nilitoa difu yetu ya zamani ya 37 kwa 6, nikaongeza milioni 2.2, nikapewa nyingine ya hesabu hiyo hiyo, safi, ina sili mpya na karatasi ya waranti ya miezi mitatu. Ilipanda Kitonga vizuri kabisa, kimya.

Ilianza kulia kwenye kushuka. Dereva akikanyaga mafuta, kimya. Akiachia na kuweka egzosti breki, ile inayobana moshi ili injini ishike gari, mlio mwembamba kama wa nyuki ndani ya chupa. Fundi wangu wa Mafinga alinieleza jambo ambalo hakuna muuzaji aliyewahi kunitajia: jino lina nyuso mbili. Kupanda unatumia uso mmoja. Kushuka, tairi ndizo zinazoisukuma injini, na mzigo unahamia uso wa pili. Gari yangu inashuka Kitonga imejaa mbao na inapanda na saruji, kwa hiyo kwangu nyuso zote mbili zinafanya kazi ya mshahara mmoja. Tukaifungua. Alifuta pinioni kwa kidole, akamulika tochi, akanionyesha namba iliyochongwa kichwani. Kisha akanionyesha namba ya krauni. Hazikufanana. Krauni na pinioni husagwa pamoja kiwandani, zinazoeana zikiwa mbili, na namba ile ndiyo cheti chao cha ndoa. Hapa mtu alichukua krauni ya difu moja na pinioni ya difu nyingine akazifunga pamoja. Walionisukia waliniambia kelele si ubovu, na waranti haihusu kelele. Iliniuma, kwa sababu difu yangu niliyowaachia ilikuwa na jozi yake kamili.

Mara ya tatu nilibaki na hausingi ya Gerezani, maana ilishathibitika, nikanunua ndani mpya: krauni na pinioni za jozi moja, beringi zote, spaida (gia ndogo za ndani ya difu), sili. Nikamwita fundi wa Iringa anayetumia saa ya kupimia nafasi kati ya meno. Hiyo saa ndiyo niliyolipia. Alipaka rangi ya njano kwenye meno machache ya krauni, akazungusha mbele, akazungusha nyuma, akasoma alama ilipokaa. Iliangukia juu sana, karibu na ncha ya jino. Akatoa pinioni, akabadilisha shimu, zile washa nyembamba za kusogeza pinioni, akarudisha. Mara nne. Ya nne alama ikakaa katikati ya jino pande zote mbili, na plei, ile nafasi kati ya meno, ikasimama 0.28 ya milimita. Spea na ufundi vilifika milioni 2.9.

Kipya nacho kina mtego wake. Saidi shafti moja (shafti ya kutoka difu kwenda tairi) niliyonunua mpya, boksi zuri na maneno ya Kijapani, ilianza kujipinda kwenye meno ya ndani baada ya wiki tisa; ukiitazama, mistari imelala kama kamba iliyosokotwa. Nikarudisha shafti ya zamani iliyotoka na ile ekseli ya mtumba, na mpaka leo haijasogea. Ndiyo maana kwa gari hizi mimi nanunua mtumba kwa vyuma vizito, yaani hausingi, habu na saidi shafti, na mpya kwa beringi na sili. Krauni na pinioni ziwe mpya au za mtumba, lakini namba zifanane na nizione kwa macho yangu. Ya kusukwa ningeinunua tena kwa mtu mmoja tu: atakayeniruhusu nisimame pale wakati anapaka rangi kwenye meno.

Kilomita 500 za mwanzo tulibeba nusu mzigo, tukamwaga oili, tukaweka mpya. Tangu hapo imeshakwenda na kurudi Dar mara ishirini na sita. Jumamosi iliyopita nilifungua nati ya chini ya difu, ile yenye sumaku ya kunasa chembe za chuma, nikaipangusa kiganjani. Ulitoka ute wa kijivu, laini kama masizi ya sufuria. Niliusugua kwa kidole gumba nikitafuta chenga, sikupata hata moja, nikairudisha nati na kumwambia dereva apakie.